Bomba la chujio halishikani na mrija: jinsi ya kupata viunganishi sahihi

Swali hili halikomi, na kila likija huwa na sura ileile: "Nimenunua bomba dogo la maji ya chujio, nimelisimamisha juu ya sinki, lakini chini mrija hauingii. Niulize kitu gani dukani?" Watu watano watampa mwulizaji majibu matano. Mmoja atasema nusu inchi, mwingine robo. Wa tatu atamwambia azungushie tepu nyingi, itakaa tu. Huyo wa tatu ndiye wa kumwogopa.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hii. Unahusu lile bomba la pembeni linalotoa maji yaliyochujwa, iwe chujio lako ni la makaa la kawaida au ni mtambo wa RO (reverse osmosis, unaosukuma maji kupitia utando laini) wenye tangi lake. Kazi yenyewe ni ya saa moja. Kinachowapotezea watu siku nzima ni kwenda dukani mara nne kwa sababu hawakupima kabla ya kutoka.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), hata ile ya plastiki. Kama huna, kata ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe kwenye meno (mifereji ya skrubu inayozunguka kifaa), weka alama pale ncha zinapokutana, kisha pima urefu huo kwa rula na ugawe kwa 3.14. Utapata kipenyo kinachotosha kwa kazi hii.
- Spana mbili, angalau moja iwe ya kurekebisha mdomo. Moja hushika, nyingine hukaza.
- Kikatio cha mirija ya plastiki, au wembe mpya.
- Tepu nyeupe ya mabomba.
- Tochi, beseni, kitambaa kikavu na karatasi laini za chooni (hizi zina kazi yake mwishoni).
- Kile kifuko kidogo kilichokuja ndani ya boksi la bomba. Wengi hukitupa wakidhani ni takataka, kumbe mara nyingi nati na pete unazozitafuta zimo humo.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Jina la saizi si kipimo cha rula. Meno yanayoitwa "nusu inchi" yana kipenyo cha nje cha karibu milimita 21, wakati nusu inchi ya kweli ni milimita 12.7. Jina hilo limerithiwa kutoka kwenye tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani. Mrija wa plastiki nao una desturi nyingine: ukiitwa robo inchi, kipenyo chake cha nje ni robo inchi kweli, yaani milimita 6.35. Kwa hiyo kiunganishi chenye "meno ya robo" na kiunganishi cha "mrija wa robo" ni vitu viwili tofauti. Muuza duka mwenye haraka hatakuuliza unamaanisha kipi.

Hatua za kazi

1. Funga maji, kisha shusha presha. Funga koki iliyo uvunguni mwa sinki, halafu fungua bomba mpaka maji yaishe kutoka. Kama mtambo una tangi, funga na koki ya tangi. Watu husahau hili, wakifungua nati tangi linawamwagia maji yote usoni.

2. Tambua mkia wa bomba lako. Lala chini na tochi, au kama bomba bado halijafungwa, ligeuze. Karibu kila bomba la chujio lina mojawapo ya mikia hii.

Wa kwanza, na ndio unaoonekana zaidi kwenye mitambo ya RO, ni kijiti kirefu chembamba chenye meno madogo madogo ya nje, unene wake kama kidole kidogo cha mkono. Haya ni meno ya inchi 7/16, meno 24 kwa kila inchi. Kwenye pakiti huandikwa 7/16-24 UNS. Kijiti hichohicho hubeba nati inayokaza bomba kwenye sinki na pia nati inayoshika mrija. Ndiyo maana mtu akiona nati mbili hudhani moja ni ya ziada.

Wa pili ni mkia mnene wenye meno ya nusu inchi, kama wa bomba la kawaida. Huu hauna shida, viunganishi vyake vimejaa kila mahali.

Wa tatu ni bomba lenye mipira yake ya kunyumbulika, hasa yale mabomba ya njia tatu yanayotoa maji ya moto, ya baridi na ya chujio kwenye mdomo mmoja. Upande wa juu mipira hujifunga kwenye bomba kwa meno madogo, mara nyingi M10, yaani kipenyo cha milimita 10. Hayo yaache. Unachohitaji kujua ni nati ya upande wa chini, ambayo kwa kawaida ni ya 3/8 au ya nusu inchi.

Wa nne ni kijiti laini kisicho na meno kabisa. Huo ni mrija wa chuma au shaba, na hupimwa kama mrija, si kama meno.

Ukiona kuna mirija mitatu badala ya mmoja, usishtuke. Hilo ni bomba la RO lenye nafasi ya hewa ya kuzuia maji machafu kurudi nyuma. Mrija mmoja wa robo inchi huleta maji safi, mwingine wa robo huleta maji ya kutupa kutoka kwenye mtambo, na ule mnene wa 3/8 huyapeleka kwenye bomba la kutolea maji ya sinki. Ukibadilisha nafasi zake, utakunywa maji usiyoyataka.

3. Pima meno: kipenyo kwanza, halafu hesabu. Kama meno yako nje (dume), pima kutoka kilele hadi kilele. Kama yako ndani (jike), njia rahisi ni kutafuta dume linaloingia humo vizuri, kisha ulipime hilo. Baada ya hapo weka rula kando ya meno na uhesabu mangapi yanaingia kwenye sentimita moja. Hesabu hii ndiyo inayotofautisha ndugu wanaofanana.

- Karibu mm 11, meno 9 na kitu kwa sentimita: ni 7/16-24, mkia wa bomba la RO.
- Karibu mm 13, meno 7 na nusu hivi: ni robo inchi ya bomba (BSP, familia ya meno nitakayoieleza hapa chini).
- Karibu mm 14, meno 9 na kitu: ni 9/16-24, ambayo hutumika kwenye viunganishi vya kubana vya mrija wa 3/8.
- Karibu mm 16.7, meno 7 na nusu: ni 3/8 ya bomba.
- Karibu mm 21, meno 5 na nusu: ni nusu inchi.
- Karibu mm 26, meno 5 na nusu: ni robo tatu.

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Tofauti ya kipenyo ni milimita moja tu, na kwa macho utaapa ni kitu kimoja. Nati ya 9/16 ukiijaribu kwenye meno ya robo inchi, itacheza na kuteleza. Mtu mwenye nguvu nyingi atalazimisha hadi ishike kombo, na hapo ameua vifaa viwili kwa mpigo.

Mtego mwingine uko kati ya BSP na NPT, familia mbili za meno ya mabomba. NPT ni ya Marekani na nchi zinazofuata mtindo wake. BSP hutumika sehemu kubwa ya dunia iliyobaki. Kwenye nusu inchi na robo tatu, zote mbili zina meno 14 kwa inchi, hivyo hushikana mizunguko kadhaa na kukupa matumaini. Lakini pembe ya meno ya BSP ni nyuzi 55 na ya NPT ni 60, hivyo hayakai sawasawa na maji hupata njia. Chujio lililotengenezwa kwa soko la Marekani likifungwa kwenye nyumba yenye BSP, nunua adapta iliyoandikwa zote mbili, upande mmoja hii na upande wa pili ile. Usiwaoze kwa nguvu.

4. Pima mrija. Pima kipenyo cha nje pale ulipo mviringo kamili, si pale uliposhikwa na nati ya zamani. Mm 6.35 ni robo inchi, mm 9.5 ni 3/8. Kuna pia mirija ya mm 6 na mm 10 kamili, na hapa ndipo nilipochezewa mwenyewe. Niliuziwa mrija wa mm 6 kwa jina la robo. Uliingia kwenye kiunganishi bila ubishi, ukakaa jioni nzima, alfajiri nikakuta kabati limeoga. Siku hizi natazama maandishi yaliyopigwa kwenye mrija wenyewe. Karibu kila mrija wa maji ya kunywa huwa na saizi yake imeandikwa ubavuni.

Usichukue pia viunganishi vya mashine za upepo (zinazotumia hewa iliyobanwa) kwa sababu tu vinafanana. Vingi ni vya milimita kamili, na havikutengenezwa kwa maji yanayoingia mdomoni. Kwa viunganishi vya shaba nyeupe au njano, tafuta alama ya NSF/ANSI 61 (kiwango cha vifaa vya maji ya kunywa) au maandishi yanayosema havina madini ya risasi.

5. Jua kila kiungo kinaziba wapi. Hii ndiyo hatua ambayo ukiielewa hutauliza tena. Maji huzuiwa kwa njia tatu tu kwenye kazi hii, na kila njia ina sheria yake ya tepu.

Kuna kuziba kwenye meno yenyewe. Dume la chuma au plastiki linaingia kwenye jike na hakuna raba yoyote ndani. Hapa tepu ni lazima.

Kuna kuziba kwa raba. Nati ya mpira wa kunyumbulika ina wosha ya raba ndani yake, nayo ndiyo inayozuia maji. Meno hukaza tu. Tepu hapa haina kazi, na ikiwa nene huizuia nati kufika kwenye wosha, ndipo panapovuja. Katika kundi hilihili weka viunganishi vya kuchomeka, ambavyo mrija husukumwa tu ndani. Vina pete ya raba inayokumbatia mrija na meno madogo ya chuma yanayouzuia kutoka.

Na kuna kuziba kwa kubana. Nati inasukuma pete ndogo ikaume mrija. Hapa pia hakuna tepu. Mrija wa plastiki unahitaji na kile kibomba kidogo cha kuingiza ndani ya ncha yake, la sivyo pete inauminya badala ya kuushika. Kibomba hicho kwa udogo wake hupotea kila mara. Bila hicho utakaza mpaka nati ipasuke na maji yataendelea kudondoka.

Kwa mkia wa 7/16 una njia mbili: nati, pete na kibomba kutoka kwenye kifuko, au adapta moja yenye jike la 7/16-24 upande mmoja na tundu la kuchomeka mrija wa robo upande wa pili. Mimi hupendelea adapta. Hujifunga kwa mkono kwenye nafasi finyu, na siku ya kubadilisha bomba inatoka bila vita.

6. Angalia upande maji yanakotoka. Chini ya sinki, mpira wa bomba kubwa la maji baridi umefungwa kwenye koki. Hapo katikati unaweka tii (kiunganishi chenye umbo la herufi T) yenye jike upande mmoja, dume upande wa pili, na tawi dogo lenye koki na tundu la mrija wa robo. Pima meno ya koki kama ulivyopima ya bomba. Mara nyingi ni nusu inchi. Kwenye mtindo wa Marekani ni ule wa 9/16-24 unaouzwa kwa jina la 3/8 ya kubana. Hakikisha ni maji baridi. Machujio mengi ya nyumbani hayavumilii maji ya moto, na mrija wa plastiki hulainika ukatoka kwenye kiungo.

Kama chujio lako ni lile dogo linalofungwa mdomoni mwa bomba la kawaida, mambo ni mepesi zaidi. Fungua kichungi cha mdomo, uone meno ya bomba yako wapi. Bomba lenye meno ya nje kwa kawaida hutaka adapta ya M22, lenye meno ya ndani hutaka M24. Ya Marekani ni 55/64-27 na 15/16-27 kwa mpangilio huohuo. 15/16 ni karibu mm 23.8, hivyo M24 hujaribu kuingia kisha hukwama katikati. Usiendelee kuisukuma.

7. Chora, kisha ukanunue. Chora mstari kutoka kwenye koki hadi kwenye bomba, na kwenye kila kiungo andika: dume au jike, saizi, kinaziba kwa nini. Beba kipande chenyewe ukiweza, hata kama ni kufungua tena bomba zima. Picha ya simu haina milimita. Na ukijikuta umepangiwa adapta tatu mfululizo ili kutoka saizi moja kwenda nyingine, sema hapana, tafuta moja inayofanya kazi yote, kwani kila kiungo cha ziada ni mahali pengine pa kuvuja.

8. Kata mrija. Kata moja, iliyonyooka. Mkasi huuminya mrija ukawa yai. Acha urefu wa kutosha kupinda kwa ulegevu, na ongeza kidogo, maana huenda ukahitaji kukata tena.

9. Funga. Tepu huzungushwa upande uleule nati inapokazwa, mizunguko mitatu hadi mitano, ukianza jino la pili ili vipande visiingie kwenye njia ya maji. Kila kitu chenye meno kianzishe kwa vidole. Kigumu tangu mzunguko wa kwanza? Toa, anza upya. Plastiki ikishakazwa kwa mkono, iongeze robo hadi nusu ya mzunguko kwa spana, basi.

Kwa kiungo cha kubana, mpangilio kwenye mrija ni nati kwanza, pete ifuate, kibomba cha ndani mwisho. Umeanza na pete ukasahau nati? Karibu kwenye chama, sote tumepita hapo.

Kwa kiungo cha kuchomeka, weka alama ya kalamu kwenye mrija kama sentimita moja na nusu kutoka ncha, au kwa kina ambacho pakiti imeandika. Sukuma. Utahisi umegota, kumbe hiyo ni raba tu. Sukuma tena mpaka alama imezwe, kisha vuta kidogo uhakikishe haitoki.

Unapokaza nati chini, shika mkia wa bomba kwa spana ya pili. Usipofanya hivyo, bomba lote linazunguka juu na kutafuna raba ya kwenye sinki.

10. Fungua maji taratibu na ujaribu. Fungua koki robo, acha hewa itoke kwenye bomba, kisha fungua yote. Funga bomba ili presha ipande, pangusa kila kiungo kiwe kikavu, halafu pitisha karatasi ya chooni kuzunguka kila nati. Karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakihisi. Rudia baada ya dakika kumi, baada ya saa moja, na asubuhi yake. Asubuhi ni muhimu kwa sababu usiku matumizi ya maji hupungua na presha ya mtaani hupanda. Kiungo kilichostahimili mchana huweza kushindwa usiku.

Mambo yakienda kombo

*Panadondoka kwenye kiungo cha kuchomeka.* Usiongeze tepu wala gundi. Funga maji, bonyeza pete ya mdomoni huku ukivuta mrija, kata sentimita moja au mbili zenye mikwaruzo, rudisha. Ikirudia, pima mrija upya, huenda ni wa mm 6.

*Panadondoka kwenye nati ya kubana.* Ongeza robo ya mzunguko. Bado? Fungua utazame kama kibomba cha ndani kipo. Pete ikishauma mrija haitumiki tena, kata na uweke mpya.

*Panavuja kwenye meno yenye tepu.* Huenda uliirudisha nyuma kidogo ili kuelekeza tii vizuri. Meno ya tepu hayapendi kurudishwa. Fungua yote, safisha, zungusha tepu upya.

*Maji yanatoka kwenye kitundu kidogo ubavuni mwa bomba.* Hilo ni bomba la nafasi ya hewa, na linakuambia kuwa mrija wa 3/8 wa kutolea maji umeziba au umepinda.

*Maji yanatoka kidogo sana.* Tafuta mrija uliokunjika nyuma ya kabati kabla ya kulaumu chujio. Halafu koki ya tii, je, imefunguka yote? Kwa mtambo wenye tangi, pima hewa ya tangi likiwa tupu. Inapaswa kuwa karibu bar 0.5.

*Maji ni meupe kama maziwa.* Yaache kwenye glasi. Yakianza kung'aa kutoka chini kwenda juu, ni hewa tu, itaisha baada ya siku chache.

*Maji ni meusi au ya kijivu.* Ni vumbi la makaa kutoka kwenye kartriji mpya (kiini cha chujio kinachobadilishwa). Yamwage kwa muda ulioandikwa kwenye boksi la chujio, na kwa RO mwaga tangi la kwanza lote. Weusi ukiendelea baada ya hapo, fungua chujio uangalie kama kartriji imekaa juu-chini au raba yake imehama.